Kompyuta Iliyovaa Koti

Kompyuta yetu ilizimika Jumanne saa moja asubuhi, ikiwa imevaa vizuri kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa na gauni la kazi lililojaa chaki, mume wangu alikuwa na kaptula ya kulalia, binti yetu alikuwa na fulana kuukuu ya baba yake. Kompyuta ilikuwa na koti.

Koti lile nililishona mwenyewe Jumapili, kwa vipande vya kitambaa cha kijivu vilivyobaki nilipokata sampuli za sare. Lilikuwa na bitana, sponji nyembamba katikati, zipu mgongoni, na mbele kidirisha chenye kifungo cha kupitishia kidole wakati wa kuiwasha. Nilipima sanduku la mashine, bila skrini, kama ninavyopima mtu, bega, kimo na upana wa kifua, na koti likakaa bila hata mkunjo mmoja. Sababu yangu ilikuwa ya maana. Sebule yetu ndiyo chumba changu cha kazi. Majora ya kitambaa yameegemea ukutani kama wageni waliokosa viti, na kila nikikata, vumbi la nyuzi linaruka na kutua linapotaka. Sikutaka litue ndani ya mashine yenye watoto wangu mia mbili na kumi na wanne.

Hao watoto sikuwazaa, niliwapima. Shule ya jirani ilikuwa inabadilisha sare, na baada ya wiki mbili wanafunzi wote walitakiwa kuingia getini wakiwa kijivu kuanzia begani hadi magotini. Kazi nilipewa mimi. Shingo, bega, kifua, kiuno, nyonga, mkono, urefu: vipimo saba kwa kila mtoto, siku nne za kuinama na kuinuka. Mwalimu Mkuu alitaka kunipa mwalimu mmoja akae pembeni na kuandika kila kitu kwenye daftari kubwa la shule. Mimi, mwenye stashahada ya ushonaji iliyotundikwa ukutani kwenye fremu, nikacheka. Nikamwambia daftari linalowa, linachanika, linaliwa na panya. Mimi nitaandika kwenye karatasi zangu, jioni vipimo vinaingia kwenye kompyuta, basi, kompyuta haisahau. Mwalimu Mkuu alinitazama juu ya miwani, akalifunga daftari lake taratibu, akalirudisha mkobani.

Na kompyuta kweli haikusahau. Ilikataa tu kuamka.

Nilikuwa nimeiwasha mapema, nikaenda jikoni kupika uji. Niliporudi skrini ilikuwa ya bluu, imejaa maandishi meupe yasiyo na adabu, kisha ikawa nyeusi. Nikapitisha kidole kwenye kidirisha, nikaiwasha. Ikaonyesha nembo yake, ikafikiri kidogo, ikazimika. Nikaiwasha tena. Nembo, giza. Mara ya sita nilikuwa naibonyeza kwa hasira, kama mtu anayegonga mlango wa mdaiwa aliyejificha ndani.

Mume wangu alikuja akiwa na kikombe mkononi. Yeye ni mwokaji mikate, na wiki ile alikuwa zamu ya kuanzia saa tatu. Miaka ishirini ya tanuri imempa tabia moja, kwamba hawezi kupita karibu na kitu bila kukigusa kwa kiganja. Akaiwekea kompyuta kiganja begani, juu ya koti.

"Mama Wakili, hii ina joto."

"Baba Wakili, shughulikia mikate yako."

Alimaliza uji wake, akaoga, akaenda kazini. Baadaye alinieleza kwamba njia nzima alikuwa anajiambia kuwa kweli, yeye anajua nini kuhusu kompyuta, na kwamba mwanamke mwenye stashahada hashindwi kujua joto la mashine yake mwenyewe.

Binti yetu, ambaye tunamwita Wakili kwa sababu hajawahi kukubali kosa bila kukata rufaa, alisimama nyuma yangu na kuniuliza zile karatasi za mwanzo ziko wapi. Hapo ndipo nilipoacha kubonyeza. Karatasi zile zilikuwa ngumu na nzuri, za ukubwa wa kupendeza, na mimi situpi karatasi nzuri. Nilikuwa nimezikatia kielelezo cha mifuko. Nikaenda kwenye kapu la vielelezo, nikazitoa moja moja. Zote zilikuwa na umbo la mfuko wa shati. Moja ilikuwa na mabega matatu na nusu ya jina la mtoto. Nyingine ilikuwa na viuno vitupu, havijulikani ni vya nani.

"Mama," alisema Wakili, "hapa umeshona mifuko kabla ya watu."

Nikamwambia akalete simu.

*

Mdogo wangu wa kike hutengeneza kompyuta katika ofisi moja kubwa, na tangu utotoni jina lake ni Waya kwa sababu hakuna redio ya baba yetu ambayo hakuifungua tumbo. Alifika saa nne na begi la bisibisi, akiwa amemwambia bosi wake kwamba anakwenda kumwona mgonjwa. Aliposema hivyo mlangoni nilimwona anaitazama kompyuta kwa huruma, nikajua kwamba moyoni hajisikii ameongopa.

Koti nilikuwa nimeshalivua na kulificha chini ya mto wa sofa. Hilo nalo lina maelezo yake. Waya amekuwa akinicheka miaka yote kwa kuvalisha vitu. Niliivalisha televisheni akacheka, nikaivalisha redio akacheka, nilipoivalisha stuli ya jikoni aliketi chini na kulia machozi. Sikuwa na nguvu za kuchekwa asubuhi ile. Halafu nilijiambia kwamba hata mtoto humpeleki mbele ya daktari amevaa koti.

Waya aliiwasha, ikaonyesha nembo, ikazimika. Akaiwasha tena, hivyohivyo. Akaniuliza maswali kama karani wa mapokezi: ilianza lini, ilikuwa inafanya nini, umeme ulikatika, kuna mtu aliyeiangusha. Kisha akauliza lile swali ambalo mpaka leo ananikumbusha kila tukikutana.

"Dada, umebadilisha au umeongeza kitu chochote siku za karibuni?"

"Hakuna," nikasema. Na nilisema kweli kabisa, kwa jinsi nilivyoielewa kweli wakati ule.

Wakili alikuwa amekaa kwenye mkono wa sofa, juu kidogo ya ule mto. Akafungua mdomo. Nikamwambia anyamaze, watu wazima wanazungumza. Akaufunga.

Waya alifungua ubavu wa mashine, akapuliza, akachomoa hiki na kurudisha kile. Alisema ndani inaonekana nzima, ila kwa kuzimwa ovyoovyo na kuwashwa ovyoovyo asubuhi nzima, programu kuu iliyomo kwenye diski imevurugika, ndiyo maana sasa haiwezi kumaliza kuamka hata ikitaka. Mara ngapi nimeiwasha kwa nguvu? Nikasema mara mbili tatu. Wakili akakohoa. Dawa, alisema Waya, ni kufuta kila kitu na kuweka programu upya.

Neno kufuta lilikuwa bado linaelea chumbani mlango ulipobishwa, na Mwalimu Mkuu akaingia.

*

Alikuwa amekuja kuangalia kazi inaendaje. Ni mama wa makamo, mwembamba, asiyeinua sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji kuiinua. Alikaa kwenye sofa, akaweka mkoba wake magotini, akayahesabu majora kwa macho. Yalikuwa saba, na yote yalikuwa hayajaguswa. Nikamwambia kwamba leo ndiyo siku ya kukata. Alitazama mashine iliyofunguliwa ubavu na nyaya zinazotoka nje.

"Naona kompyuta nayo inapimwa," alisema.

Nikacheka zaidi ya kiasi. Nikasema ni usafi wa kawaida tu, huyu ni mdogo wangu, fundi, huwa anaipitia mara kwa mara. Waya alinigeukia na uso wa mtu aliyesikia habari zake mwenyewe kutoka kwa mgeni. Lakini ni mdogo wangu, hakunikana. Alichofanya kilikuwa kibaya zaidi. Alifanya kazi yake sawasawa.

"Sasa, dada, kabla sijaanza. Kuna kitu humu ndani ambacho huna nakala yake kwingine? Maana nikishafuta, nimefuta."

Mwalimu Mkuu aliinua macho. Ndani ya fremu yake ukutani, stashahada yangu ilikuwa imenyooka kama askari. Nilikuwa na sekunde moja, na ndani ya sekunde hiyo nilisikia sauti yangu siku ile shuleni, ikisema kwamba daftari linaliwa na panya.

"Kila kitu kina nakala," nikasema. "Mimi si mtu wa kubahatisha."

Ndivyo nilivyowaua watoto mia mbili na kumi na wanne mbele ya mwalimu wao, na yeye akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Waya alifunga ubavu wa mashine, akachomeka flashi, akaiwasha. Ilianza kupakia. Tarakimu zikawa zinapanda pembeni ya skrini, asilimia mbili, asilimia tano. Alinieleza kwamba mashine ni ya zamani, itachukua muda. Ikifika mia itauliza ifute wapi, na hapo yeye ndiye atakayejibu. Simu yake ikaita. Alikuwa bosi, anataka kujua mgonjwa anaendeleaje. Ndani ya nyumba yetu simu huita lakini sauti hukatikakatika, husikika vizuri uani tu, karibu na kamba ya nguo, kwa hiyo akatoka.

Nikabaki na Mwalimu Mkuu, chai, na ile hesabu inayopanda. Mikono yangu ikitishwa haiwezi kukaa bure. Nilifagia sakafu isiyo na taka. Nilikunja kitambaa kilichokunjwa. Nikaona nyuzi zinaelea kwenye mwanga wa dirisha na kushuka polepole kuelekea kwenye mashine, nikavuta koti chini ya mto, nikaivisha, nikafunga zipu.

"Mshono mzuri," alisema Mwalimu Mkuu.

"Ni kwa ajili ya vumbi, Mwalimu."

"Nadhifu sana."

Nilifurahi, jamani. Katikati ya msiba wangu mwenyewe nilifurahi kusifiwa zipu.

Asilimia ishirini. Asilimia thelathini. Nilikuwa namimina chai na ndani kwa ndani namwomba Mungu aiharibu mashine yangu. Sijawahi kuomba dua ya namna hiyo kabla wala baada. Nilisema kimoyomoyo, isifike mia, nakuomba isifike, nipe mpaka huyu mama aondoke, nitajua la kufanya. Ilipofika thelathini na nane ikatoa mlio mdogo na kuzimika. Nikashusha pumzi mpaka Mwalimu Mkuu akaniuliza kama ninaumwa.

Nikasikia ndala za Waya uani. Nikavua koti haraka, nikalirudisha chini ya mto. Waya akaingia, akakuta giza.

"Imezimika yenyewe?"

"Yenyewe."

Alichomoa, akachomeka, akabadilisha tundu la umeme, akaanza upya. Simu ikaita tena. Akatoka, nikavalisha. Safari hii ilifika arobaini na moja. Mara ya tatu Waya alikuwa ametoa kijiti cha kumbukumbu na kuweka kingine kutoka kwenye begi lake, ana uhakika kwamba ugonjwa umepatikana. Akaenda kunawa mikono, ikaishia thelathini na tano. Kila aliporudi alikuta mashine iko uchi na imekufa, na mimi nimekaa mbali nayo, nimekunja mikono. Aliigusa, akasema ina joto. Nikamwambia siku yenyewe ni ya joto. Wakili alisema, "Lakini mama," nikamtuma dukani kununua sukari ambayo tulikuwa nayo.

Nisieleweke vibaya. Sikuwa naiharibu makusudi. Ningekuwa na akili hiyo ningejivunia. Nilikuwa naikinga na vumbi, na papo hapo naomba ife, na mambo haya mawili yalikuwa yanashirikiana bila kunishirikisha.

*

Saa sita Waya alishika kiuno. Alisema mashine hii ina jambo ambalo hapa nyumbani halitajulikana. Atachomoa diski peke yake aende nayo ofisini, ataifuta huko kwenye mashine nzima, aiwekee programu, jioni airudishe. Akafungua skrubu mbili. Diski ilitoka, ndogo, nyembamba kuliko kitabu cha dua, akaizungushia kitambaa na kuiweka kwenye mkoba wake, kati ya kitana na chupa ya maji. Akamuaga Mwalimu Mkuu kwa heshima zote. Akavaa viatu.

Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Nikajiambia kwamba nikifika nje nitamnong'oneza. Lakini Mwalimu Mkuu naye alikuwa ameinuka, anatafuta viatu vyake, akasimama hapohapo, kati yangu na mdogo wangu, hatua moja kutoka kwa kila mmoja. Nikajiambia nitampigia simu akiwa njiani. Nikakumbuka kwamba Waya akianza kazi hapokei simu za nyumbani, hupokea za kazi tu. Akapiga hatua ya kwanza. Akapiga ya pili. Niliutazama ule mkoba ukitikisika ubavuni mwake, na watoto wote ndani yake, shingo na mabega na nyonga zao, wanakwenda kufutwa na mama mdogo ambaye hajui kama wamo.

"Waya, usifute," nikasema. "Hakuna nakala."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Jirani aliyekuwa anaanika nguo aliacha kuanika. Waya alirudi hatua zake mbili.

"Nakala ya nini?"

"Ya vipimo. Vyote vimo humo. Karatasi nimekatia mifuko."

Sikumtazama Mwalimu Mkuu. Nilitazama viatu vyake, vilivyokuwa vimepakwa rangi vizuri, havina hata doa. Yeye ndiye aliyetangulia kurudi ndani, akakaa palepale kwenye sofa, na sisi tukamfuata kama wanafunzi waliokamatwa nyuma ya madarasa.

Waya alikuwa ananitazama bila kucheka, na hapo ndipo nilipoona kwamba mambo ni mazito. Kisha akasema, kwa upole ambao uliniuma kuliko tusi, "Dada, diski si mbovu. Naichomeka kwenye kompyuta nyingine, nanakili orodha yako, namaliza. Ni dakika mbili. Ungesema saa nne ungekuwa unakata nguo sasa hivi."

"Dakika mbili?"

"Mbili. Tatu nikiwa naongea na simu."

Mwalimu Mkuu alifungua mkoba wake, akatoa lile daftari kubwa la shule. Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula na kila safu imeandikwa kichwa chake: shingo, bega, kifua, mpaka mwisho. Halikuwa na kitu kingine ndani. Alikuwa ametembea nalo tangu siku ile niliyomcheka. Akaliweka juu ya meza, akalinyoosha kwa viganja vyote viwili.

"Mama Wakili, orodha ikipatikana utaiandika humu. Yote, kwa mkono wako. Ijumaa asubuhi niione."

Nikasema ndiyo, Mwalimu.

"Isipopatikana, yule fundi wa kona atakuja shuleni kupima upya, na haya majora nitatuma watu wayafuate. Yeye hana kompyuta, lakini ana daftari."

Nikasema ndiyo, Mwalimu. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu na nilijikuta nimeweka mikono nyuma.

Alipokuwa anatoka aligeuka mlangoni. Nilidhani anataka kuongeza adhabu. Alisema tu kwamba yeye mwenyewe aliwahi kupoteza alama za darasa zima kwa kuziandika nyuma ya bahasha, na bahasha ile akaitia barua ya mtu akaituma. Hakutabasamu aliposema. Akaenda zake.

*

Waya alirudi saa tisa. Orodha ilikuwa kwenye flashi, imekamilika, majina yote na vipimo vyote. Zilikuwa zimemchukua dakika nne, kwa sababu alikuwa anaongea na simu. Kwenye diski yenyewe alikuwa ameshafuta kila kitu, na alisema akiwa ofisini alifikiri aweke programu hukohuko, lakini bosi alipita akauliza kama mgonjwa ndiye huyu. Akaona arudi amalizie nyumbani, kwa sababu bado alitaka kujua kinachoua mashine hii.

Niliazima kompyuta ya duka la picha mtaani, nikaichapisha orodha, nikaanza kunakili kwenye daftari. Wakili alinisomea. "Namba kumi na saba, shingo ishirini na tisa, bega thelathini na nne." Kila baada ya watoto kumi aliniuliza kama kompyuta bado haisahau. Nilikuwa nimekosa haki ya kumjibu, nikaendelea kuandika.

Waya aliirudisha diski mahali pake, akachomeka flashi, akaiwasha. Tarakimu zikaanza kupanda. Akatoka uani kupiga simu ya kuomba msamaha. Na mimi, baada ya yote yaliyonipata tangu asubuhi, niliona nyuzi zinaelea, nikainuka, nikavuta koti chini ya mto, nikaivisha mashine. Mkono haukuuliza kichwa.

Mume wangu aliingia saa kumi na moja, ana unga kwenye nyusi. Alisalimia, akapita kuelekea bafuni, na alipofika kwenye kompyuta kiganja chake kikatua juu yake kama kawaida. Kikaganda. Niliona kabisa kinavyoganda. Kisha akakiondoa, akaendelea na safari yake.

"Baba Wakili. Umeona nini?"

"Sijaona kitu. Mimi najua mikate tu."

Wakili aliacha kusoma, kidole kipo kwenye namba themanini na sita. Siku nyingine ningesema sawa, na yangeisha. Lakini nilikuwa nimeshajivua nguo siku nzima mbele ya watu, shati moja zaidi halikuwa tatizo.

"Basi niambie kama vile ni mkate."

Alirudi. Aliweka viganja vyote viwili juu ya koti, kimoja juu, kimoja ubavuni, akafumba macho kama anavyofanya mbele ya tanuri.

"Ungekuwa mkate," alisema, "ningeutoa sasa hivi. Dakika tano zaidi unaungua." Akapapasa sponji kwa dole gumba. "Halafu umeufunika. Mkate wa moto haufunikwi, mama. Unakosa pa kupumulia."

Nilifungua zipu. Joto lilinipiga usoni mpaka nikarudi nyuma. Lilikuwa na harufu ya pasi iliyosahauliwa. Nikabaki nimeshika koti langu kwa ncha za vidole, bitana juu, na Waya akatokea mlangoni akiwa na simu mkononi.

"Dada, hicho ni nini?"

Wakili akasema, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa nafasi ya kutoa ushahidi tangu saa nne asubuhi, "Koti. Tena lina kifungo."

Waya alilichukua. Alilipindua, akapitisha kidole kwenye kidirisha, akafungua na kufunga zipu. Kwanza mabega yake yalitikisika, kisha akashika ukuta, kisha akaketi sakafuni kati ya majora, na kicheko chake majirani walikisikia mpaka mtaa wa pili. Alipoweza kusema, alisema, "Nilimwuliza kitu kimoja tu huyu dada yangu: umeongeza nini siku za karibuni."

"Nilidhani unauliza mambo ya kompyuta," nikasema.

Hilo lilimrudisha sakafuni. Mume wangu naye akageukia ukuta. Mimi nilijaribu kukaza uso, nikashindwa, nikacheka mpaka nikajifuta machozi kwa lile koti, na niseme ukweli, bitana ilikuwa laini.

Tukaiacha mashine uchi na dirisha wazi. Sote wanne tukakaa mbele yake kama watu wanaotazama mpira. Thelathini na tano. Thelathini na nane, na hapo hakuna aliyepumua. Thelathini na tisa. Ilipopita arobaini na moja mume wangu alipiga kofi moja, akaona haya, akaenda kuoga.

*

Daftari nilimaliza Alhamisi jioni. Kidole changu cha kati kilikuwa kimeota sugu mahali pa kalamu, mahali palipokuwa laini tangu nimalize chuo. Kazi ya kukata ilikuwa imeanza Jumatano, nyuzi zilikuwa zinaruka chumba kizima, na kila zikitua kwenye mashine nilikuwa nazifuta kwa brashi ya viatu, kama Waya alivyonielekeza, bila kuvisha kitu.

Koti lilikuwa limekaa kwenye kapu la vipande, kitambaa kizuri, sponji nzima, zipu mpya. Mimi situpi kitu kizuri. Nilimwita mume wangu, nikamwambia anyooshe mkono. Aliuliza wa nini. Nikamwambia anyooshe tu, maana kitu kinachotunza joto namna ile kinaweza pia kulizuia, na yeye miaka yote anashika trei za moto kwa gunia lililokunjwa. Nikampima kiganja kile kilichokuwa na akili kuliko sisi sote, upana, urefu, mzunguko wa kifundo, na kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi na daftari lilikuwa mbele yangu, nikaandika.

Ijumaa asubuhi nililipeleka shuleni. Mwalimu Mkuu alivaa miwani, akapitia ukurasa baada ya ukurasa kwa ncha ya kalamu, hakuruka hata mtoto mmoja. Kwenye ukurasa wa mwisho akasimama.

"Wanafunzi wangu ni mia mbili na kumi na wanne. Huyu wa mia mbili na kumi na tano ni nani? Hana shingo, hana bega, ana kiganja tu."

"Huyo si mwanafunzi, Mwalimu," nikasema. "Huyo ndiye fundi wetu wa kompyuta."